Kiwanja cha Nyasi cha Mafia: Ndege za Mwaka 1915 na Manowari ya Rufiji

Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu manowari ya Kijerumani Königsberg ni hili: meli yenye urefu wa karibu mita 115 inajifichaje mtoni kwa zaidi ya miezi minane, na huku adui anajua fika kwamba imo humo? Manowari ni meli ya vita, na hii ilikuwa na mizinga kumi mikubwa na mabomba matatu ya moshi. Haikuwa ngalawa ya kuingizwa chini ya mti.

Jibu fupi ni kwamba meli haikufichwa na umbali wala giza. Ilifichwa na mikoko. Waingereza walijua ilipo tangu mwisho wa Oktoba 1914, lakini kujua ilipo na kuiona ni mambo mawili. Aliyesimama juu ya sitaha baharini aliona ukuta wa kijani tu, na mzinga hauwezi kulenga kile ambacho mpigaji hakioni. Ilibidi mtu apande juu. Ndiyo maana historia ya meli hii haikamiliki bila kiwanja cha ndege kilichosafishwa katika kisiwa cha Mafia mwaka 1915, mkabala na delta ya Rufiji. Kiwanja hicho kilikuwa cha nyasi, kilitumika kivita kwa wiki chache, na hakikuwahi kuwa na ndege zaidi ya nne za magurudumu.

Meli yaingia mtoni

Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914, ikiwa chini ya nahodha Max Looff. Vita vilipokaribia ilitoka bandarini tarehe 31 Julai, ikaenda kuwinda meli za biashara upande wa Uarabuni, na tarehe 6 Agosti ikaikamata meli ya Kiingereza City of Winchester. Lakini manowari ya zama hizo ilikula makaa ya mawe kama tanuri, na Waingereza walikuwa wamehakikisha kwamba haiwezi kuyapata kwa urahisi katika bandari za jirani. Mwanzoni mwa Septemba ikaingia delta ya Rufiji, ikatia nanga karibu na Salale, eneo ambalo leo liko katika Wilaya ya Kibiti.

Tarehe 20 Septemba 1914 alfajiri ilitoka tena, ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar ikiwa imesimamisha mitambo kwa matengenezo, ikaizamisha. Baadhi ya mabaharia waliokufa siku hiyo wamezikwa kwenye kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji. Kisha Königsberg ikarudi Rufiji kwa sababu mtambo wake nao ulikuwa na hitilafu. Vipuri vilivyohitaji kufuliwa upya vilikokotwa na wapagazi nchi kavu, kutoka delta hadi karakana za Dar es Salaam na kurudi, kazi ambayo vitabu vingi vya vita huimaliza kwa sentensi moja.

Waingereza walipata dalili ya kwanza Lindi. Manowari Chatham ilipoipekua meli ya Kijerumani iliyokuwa huko ilikuta karatasi zilizoonyesha kwamba makaa yalipelekwa Salale. Tarehe 30 Oktoba 1914, baada ya askari kushuka ufukweni na kuwahoji wenyeji, milingoti ya Königsberg ikaonekana kwa mbali juu ya miti.

Delta ilivyoilinda

Delta ni mahali ambapo mto unaokaribia bahari hugawanyika kuwa matawi mengi, kila tawi likitafuta njia yake ya kutokea. Ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa takribani hekta 53,000, na hakuna delta nyingine ya Afrika Mashariki yenye mikoko mingi kuliko hiyo. Matawi yake ya kaskazini ni pamoja na Kikunja na Simba Uranga. Kusini yako mengine mengi. Wakazi huyatofautisha kwa milango, yaani pale mto unapofungukia baharini, na kila mlango una fungu lake la mchanga.

Anayewajua wakata boriti wa delta anajua pia kwamba "mikoko" si mti mmoja. Upo mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya kaa, upo mkandaa, upo msinzi, upo mchu, upo mlilana unaosimama mbele kabisa majini. Yote husimama juu ya tope ambalo maji yakijaa halionekani na yakipwa halipitiki kwa miguu. Ndani ya msitu huo Wajerumani waliweka vituo vya waangalizi vilivyounganishwa kwa nyaya za simu, pamoja na bunduki za kulinda milango. Tena walikuwa na vipimo vipya vya kina cha maji, kwa sababu matawi hayo yalikuwa yamepimwa na meli yao kabla ya vita. Ramani za Waingereza zilikuwa za zamani.

Manowari za Waingereza zilikuwa nzito, zikihitaji kina cha kutosha chini yake. Zilipiga mizinga kutoka nje, makombora yakaangukia msituni. Novemba 1914 walizamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mlango wa Suninga ili kuiziba njia, lakini delta yenye milango mingi haizibwi kwa kizibo kimoja.

Hali ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 1914, basi, ni hii: Königsberg haikuweza kutoka, na Waingereza hawakuweza kuingia. Meli kadhaa zilizohitajika kwingineko zilibaki zikilinda midomo ya mto.

Ndege ya maonyesho kutoka Durban

Mtu wa kwanza kuiona meli hiyo kutoka angani hakuwa mwanajeshi wa kazi. Denis Cutler alikuwa rubani raia Afrika Kusini, aliyekuwa akirusha ndege ya Curtiss mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio Durban. Ilikuwa ndege yenye umbo la mashua: tumbo lake ndilo lililokaa juu ya maji, na mabawa yakawa juu. Jeshi la wanamaji la Uingereza likampa cheo, likampakia yeye na ndege yake kwenye meli Kinfauns Castle, na katikati ya Novemba 1914 akashushwa kisiwa cha Nyororo, kaskazini magharibi ya Mafia.

Kituo cha kwanza cha ndege za vita katika eneo hili kilikuwa, kwa hiyo, ufukwe. Hapakuwa na njia ya kurukia wala banda. Palikuwa na mchanga wa kuivutia ndege juu na maji matulivu ya kuishushia. Novemba ni msimu wa vuli. Katika safari ya kwanza Cutler aliingia kwenye mvua na mawingu, akapotea, akaja kushuka kisiwa cha Okuza, kusini kabisa ya alikotarajia. Rejeta ya injini, yaani kile kifaa cha kupoza maji, ilikuwa imeharibika, na mbadala wake ulikuwa rejeta ya motokaa ya Ford iliyofuatwa Mombasa. Fundi yeyote wa gereji ya Kibiti angeuelewa uamuzi huo mara moja.

Safari zilizofuata zikazaa matunda. Cutler aliiona Königsberg ndani ya mto. Lakini tumbo la ndege lilipasuka, likaletwa jingine kutoka Durban, na Desemba injini ikamzimikia juu ya delta. Akashuka mtoni, akakamatwa. Ndege yake ilivutwa na mashua ya Waingereza huku risasi zikipigwa kutoka ukingoni.

Joto, gundi na hewa nyepesi

Februari 1915 zikaja ndege mbili za majini aina ya Sopwith, chini ya rubani John Cull. Ndege ya majini ni ile iliyofungwa maboya mawili makubwa mahali pa magurudumu. Zilitengenezwa kwa ajili ya bahari za Ulaya, na hapa zilifanya vibaya kupita kiasi. Gundi iliyoshika mbao ililegea kwa joto na unyevunyevu. Rafadha, yale mapanga yanayozungushwa na injini, zilipinda na kuachia viungo. Mara nyingi ndege ilikimbia juu ya maji, ikakimbia tena, isiinuke. Na ilipoinuka haikuweza kumbeba rubani, mwangalizi na mabomu kwa pamoja.

Sababu yake ni rahisi kuieleza kwa jiko la mkaa. Jiko lisilopepewa hufifia kwa kukosa hewa. Injini nayo huchoma mafuta kwa hewa, na hewa ya moto imetanuka: ndani ya ujazo uleule kuna hewa kidogo kuliko asubuhi ya baridi. Nguvu ya injini hupungua. Bawa nalo huelea juu ya hewa hiyohiyo iliyopungua uzito, kwa hiyo huhitaji mwendo mkali zaidi ili liinue. Ndege yenye injini dhaifu, iliyofungwa maboya mazito yanayonyonywa na maji, hupigwa pande zote mbili. Marubani wa ndege ndogo wanaoruka leo pwani wanalijua jambo hili, ndiyo maana hupenda kupaa mapema jua likiwa bado chini.

Aprili 1915 zikaletwa kutoka Bombay ndege tatu za majini aina ya Short, kongwe kuliko Sopwith lakini zenye nafuu kidogo. Wakati huo kituo kilikuwa kimehamia Mafia. Tarehe 25 Aprili Cull na fundi wake walipita juu ya Königsberg na kuipiga picha. Walikuwa chini sana, mita zisizofika 300, kimo ambacho askari mwenye bunduki ya kawaida anaweza kumpiga mtu aliye ndani ya kitambaa na mbao. Walirudi injini ikiwa imepigwa.

Picha zilisaidia sana. Zilionyesha meli imefungwa wapi na mizinga yake inaelekea wapi. Ila zilithibitisha pia kwamba ndege za maji hazitaweza kazi iliyokuwa ikipangwa, yaani kukaa juu ya delta kwa saa nzima au zaidi zikielekeza mizinga. Kilichotakiwa ni ndege nyepesi ya magurudumu, na ndege ya magurudumu haiwezi kutumia ghuba. Inataka ardhi.

Kiwanja chenyewe

Mafia ilikuwa imetekwa tarehe 12 Januari 1915. Askari wa King's African Rifles, jeshi la Kiafrika chini ya maofisa wa Kiingereza, walishuka kutoka Mombasa na kupambana na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao Ngombeni, upande wa kusini wa kisiwa. Mapigano yalikwisha siku hiyohiyo. Sababu ya kukitaka kisiwa ilionekana kwenye ramani: hapakuwa na nchi kavu nyingine ya kutosha, iliyo karibu na delta, ambayo adui asingeweza kuifikia kwa miguu.

Meli ziliegeshwa ghuba ya Tirene, upande wa magharibi unaotazama bara. Kisiwani ikatafutwa sehemu tambarare, ikafyekwa vichaka na miti, ikasawazishwa. Neno "uwanja wa ndege" lisimpeleke msomaji kwenye lami, taa na mnara. Kiwanja cha vita cha mwaka 1915 kilikuwa shamba la nyasi lenye masharti manne:

– udongo unaopitisha maji haraka baada ya mvua;
– nafasi ndefu bila kisiki wala shimo, maana gurudumu lilikuwa jembamba kama la baiskeli;
– mwanya wa kupaa kuelekea upepo unakotoka, na Juni hadi Agosti upepo wa Mafia ni kusi;
– banda la kuzuia jua na umande visiharibu kitambaa cha mabawa.

Sharti la mwisho lilikuwa gumu kuliko linavyosomeka. Bawa la ndege hizo lilikuwa fremu ya mbao iliyovikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza, mfano wa ngoma iliyowambwa. Ngoma iliyolala nje usiku wa umande hulegea. Bawa nalo hulegea vivyo hivyo.

Tarehe 18 Juni 1915 meli Laconia ilishusha Mafia ndege mbili aina ya Henri Farman na mbili aina ya Caudron, zote za Kifaransa. Mkuu wa kikosi alikuwa Robert Gordon, na Cull akabaki kuwa rubani wa kutegemewa. Farman ilikuwa na injini na rafadha nyuma, na watu wawili wamekaa mbele ndani ya kisanduku kilicho wazi kama susu, bila kitu chochote kati yao na upepo. Kwa mwangalizi ulikuwa mkao bora: chini yake anaona yote. Kwa usalama wake ulikuwa mkao mbaya.

Kabla ya shambulio la kwanza ndege mbili kati ya nne zilikuwa zimeharibika. Kiwanja kikaingia vitani na ndege mbili tu.

Kutoka hapo hadi meli ilipofichwa ni zaidi ya kilomita 40, sehemu kubwa ikiwa bahari. Ndege hizo hazikuwa na maboya. Injini ikizima njiani, rubani alikuwa na chaguo kati ya maji ya papa na mto wa viboko na mamba.

Meli bapa na madebe ya mafuta ya taa

Upande wa pili wa mpango ulikuwa meli mbili za aina ya monita. Monita ni meli ya vita yenye tumbo bapa, isiyohitaji maji mengi, iliyobeba mizinga mikubwa kuliko umbo lake. Severn na Mersey ziliundwa Uingereza kwa ajili ya Brazili, zikikusudiwa kwa mito ya huko, na vita vilipoanza Uingereza ikazichukua. Zilihitaji kina cha chini ya mita 2. Zilivutwa kwa kamba kutoka Malta kupitia Mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu, zikafika Mafia mwanzoni mwa Juni 1915. Nahodha wa Severn alikuwa Eric Fullerton, na wa Mersey Robert Wilson.

Huko Mafia zikaongezwa mabati mazito na mifuko ya mchanga. Ndani ya matumbo yake yakajazwa madebe matupu ya mafuta ya taa, yamezibwa midomo, ili kombora likitoboa ubavu hewa ya madebe iizuie meli isizame. Kwenye vita vilivyokuwa na simu zisizo na waya na ndege, debe la dukani nalo likapata kazi.

Monita zingeingia mtoni, zitie nanga, na kupiga kutoka umbali wa karibu kilomita 10. Kati yao na Königsberg ungekuwa msitu. Wapigaji wasingeiona shabaha hata mara moja siku nzima.

Namna ya kupiga usichokiona

Ndege ya Mafia haikuwa silaha hasa. Ilikuwa macho. Kazi yake inaitwa kuelekeza mizinga, na hufuata mzunguko mmoja usiobadilika:

1. Monita inapiga kwa kukadiria mwelekeo na umbali kwenye ramani.
2. Mwangalizi aliye ndegeni anaona kombora limeangukia wapi: fupi, mbali, kushoto au kulia ya shabaha.
3. Anatuma herufi chache kwa simu isiyo na waya, na zipo herufi za kusema "imepata".
4. Mpigaji anarekebisha mtutu na kupiga tena.

Simu hiyo ilituma midundo mifupi na mirefu, alfabeti ya Morse, kupitia waya mrefu ulioning'inia chini ya ndege. Mawasiliano yalikuwa ya upande mmoja: ndege ya wakati huo kwa kawaida iliweza kutuma, si kupokea. Mwangalizi alisema bila kujua kama amesikika, mpaka aone kombora linalofuata limesogea.

Uzito wa mtambo wa simu na wa mtu wa pili ndio uliozishinda ndege za maji. Faida ya kiwanja cha nyasi ilikuwa hapo: kilo zilizookolewa kwa kuondoa maboya zikatumika kubeba macho na mdomo.

Tarehe 6 Julai 1915

Saa 10 alfajiri monita zilivuka fungu na kuingia tawi la Kikunja. Saa 11 na dakika 25 ndege ya kwanza ilipaa kutoka Mafia, rubani akiwa Harold Watkins na mabomu sita. Nia haikuwa kuizamisha meli bali kuisumbua wakati monita zinatia nanga, na mabomu hayakuleta madhara ya maana. Robo saa baadaye wakapaa Cull na mwangalizi wake Harwood Arnold.

Siku ilikwenda vibaya. Königsberg nayo ilikuwa na macho yake, wale waangalizi wa mikokoni wenye simu za waya, na makombora yake yakaanza kuangukia karibu mapema. Mersey ilipigwa, mabaharia wakafa, ikabidi irudi nyuma.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la mpango. Monita zote mbili zilipiga kwa pamoja, na mwangalizi aliyeona kombora likianguka matopeni hakuweza kusema ni la nani. Akituma "mbali", Severn inapunguza, kumbe lilikuwa la Mersey. Halafu kulikuwa na mapengo. Ndege ilipopungukiwa mafuta ilibidi irudi Mafia, na ya pili ije. Katikati ya kuondoka kwa moja na kufika kwa nyingine mizinga ilipiga gizani. Ripoti ya amiri Herbert King-Hall, mkuu wa kikosi hicho cha bahari, inasema ndege mbili hizo kwa pamoja zilisafiri maili 950 siku hiyo, sawa na kilomita 1,500 na ushei. Karibu safari zote hizo zilikuwa kwenda na kurudi kati ya kiwanja kimoja na msitu mmoja.

Königsberg ilipata majeraha, lakini jioni ilikuwa bado inapiga.

Tarehe 11 Julai 1915

Siku tano baadaye walirudi na mpango uliorekebishwa. Safari hii monita moja tu ingepiga kwa shabaha wakati nyingine ikivuta macho ya adui. Badiliko hilo halikuhitaji chuma wala fedha, ila lilimfanya mwangalizi aweze kuamini anachokiona.

Severn ilianza kupiga kwa utulivu saa 6 na nusu mchana, Cull na Arnold wakiwa juu. Makombora ya kwanza yalipotea, kisha yakaanza kukaribia, kisha zikaja herufi za "imepata", mara moja, tena mara nyingine. Wakati huohuo mizinga ya Königsberg, iliyokwisha kumjua adui wake wa kweli, iligeuziwa ndege. Vipande vya kombora viliipiga injini ya Farman.

Ndege ikaanza kushuka. Cull hakuigeuzia bahari ili ateleze mbali na adui. Aliielekeza kwenye mto zilipokuwa monita. Arnold akatuma taarifa kwamba wamepigwa na waletewe mashua. Kisha, ndege ikiendelea kupoteza kimo, akaendelea na kazi: aliona makombora yote yanapata sehemu ya mbele ya meli, akatuma amri ya kusogeza kushoto. Severn ikasogeza. Makombora yaliyofuata yakaingia katikati, penye mitambo.

Farman iligonga maji karibu na Mersey na kupinduka. Arnold alirushwa nje. Cull alinaswa chini ya maji, akajinasua, na wote wawili wakaokotwa na mashua ya Mersey. Baadaye walitunukiwa nishani ya Distinguished Service Order.

Ndani ya Königsberg, Looff alikuwa amejeruhiwa, meli inaungua na makombora yake yenyewe yanalipuka. Aliamuru ilipuliwe kwa kichwa cha torpedo, yaani sehemu ya baruti ya bomu la kwenda chini ya maji. Ikakaa juu ya tope la mto, sitaha bado iko juu ya maji. Ndege ya pili ya Mafia ilipita juu yake kuthibitisha.

Ndege zilikoenda, na mizinga ilikobaki

Kiwanja cha Mafia kilipoteza kazi yake siku hiyo. Sehemu ya kikosi ilipelekwa Mesopotamia, Iraki ya leo. Cull na wenzake wakahamia Maktau, upande wa Taita, Kenya, ambako kuanzia Septemba 1915 waliruka juu ya nyika ya kuelekea Kilimanjaro. Huko adui hakuwa meli moja iliyosimama bali vikosi vinavyotembea usiku chini ya miti, na ndege zikaonekana hazina macho makali kama ilivyodhaniwa Rufiji.

Delta iliendelea kumeza ndege. Tarehe 6 Januari 1917, vita vya nchi kavu vilipofika bonde la Rufiji, rubani Edwin Moon na ofisa wa manowari Richard Bridgeman walishuka humo na ndege ya maji iliyopata hitilafu. Walihangaika siku kadhaa kati ya matawi wakitafuta bahari. Bridgeman akafa kwa uchovu na baridi ya maji, Moon akakamatwa.

Wajerumani waliing'oa mizinga yote kumi ya Königsberg, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam, nayo ikapigana nchi kavu miaka miwili zaidi, ikivutwa na mamia ya watu. Mmoja unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Hivyo kulenga kwa Arnold kuliiondoa meli vitani bila kuiondoa mizinga yake, jambo ambalo simulizi za ushindi wa Julai 1915 huliruka.

Gofu la meli lilibaki likionekana mtoni kwa miongo kadhaa, likakatwakatwa na wafanyabiashara wa chuma chakavu hadi miaka ya 1960, na lililobaki likazama ndani ya tope. Mafia ya leo ina uwanja wa ndege wa kiraia Kilindoni, uliowekewa lami katika muongo wa 2010 kwa msaada wa Marekani. Kiwanja cha vita kilikuwa nyasi, mabanda na visiki vilivyong'olewa. Mabanda yakifunguliwa na nyasi zikiachwa, mvua za masika mbili au tatu hutosha kukirudisha kuwa kichaka.